Kujenga Chini ya Barabara

Mtu anayetafuta kiwanja Kibaha au Kisarawe huambiwa kwanza na dalali umbali wa kiwanja hicho kutoka barabarani, kisha huambiwa bei, kisha huonyeshwa bikoni za mipaka zikiwa zimesimama kila moja mahali pake. Lakini kimo cha ardhi ile kwa barabara iliyo mbele yake, ambacho ndicho kitakachoamua kama nyumba itakaa kavu au itakaa majini, aghalabu hakitajwi na muuzaji wala hakiulizwi na mnunuzi. Nimeishi katika nyumba mbili zilizojengwa chini ya barabara, moja ya marehemu baba yangu katika vilima vya Kisarawe na moja yangu mwenyewe Kibaha, na nitakayoyasema hapa yametoka katika nyumba hizo mbili, na katika vinywa vya mafundi na majirani waliokuwa na maarifa kuliko mimi.

Kisarawe ni nchi ya migongo na mabonde. Msafiri akitoka Dar es Salaam kwa njia ya Gongo la Mboto huanza kupanda polepole pale Pugu, misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi ikiwa kando yake, naye huona mahali ardhi ilipokatwa udongo ukibadilika rangi, hapa mwekundu, pale wa manjano, na penginepo mweupe, kwani vilima hivi ndivyo vyenye ule udongo laini wa kaolini uliowahi kuchimbwa huko. Barabara zilizochongwa ubavuni mwa vilima hivyo huigawa nchi pande mbili, upande wa juu unaomtazama mpita njia kutoka kwenye kingo, na upande wa chini ambao mpita njia huyaona mapaa yake kabla hajaiona milango yake. Baba yangu alipata kiwanja upande wa chini, kwa sababu upande wa juu ulikuwa tayari na wenyewe, na mikorosho yao ilikuwa imekwisha kuzaa.

Hakujenga upesi. Alijua, kama walivyojua wazee wengi wa Kizaramo wa rika lake, kwamba ardhi ya mteremko wakati wa kiangazi haisemi kweli yote, kwani kila mahali panaonekana pakavu na pema sawasawa; basi aliacha masika moja yapite, akawa huenda kiwanjani mvua inaponyesha, si baada ya mvua, akisimama chini ya mwembe na kutazama maji yanapoingia, yanapotua na yanapotokea. Mahali maji yalipoingia alichomeka vijiti vya mhogo. Vijiti vile vilichipua, na mwaka uliofuata alipokuja fundi kupima nyumba, alikuta mstari wa mihogo michanga umekwisha kumwonyesha mahali asipopaswa kuweka ukuta. "Mwanangu," aliniambia nilipokuwa mkubwa wa kuelewa, "nyumba huhama, mkondo hauhami."

Alichimba mtaro juu ya nyumba, baina ya ukingo wa barabara na ukuta wa nyuma, naye hakuuchimba ulingane na ukuta bali aliupinda, katikati ukiwa juu na ncha zake mbili zikishuka kulia na kushoto, hata maji yaliyomwagika kutoka barabarani yakagawanyika kabla hayajaifikia nyumba na kupita pande zote mbili bila kupata nguvu. Ukingo wenyewe hakuukata ukasimama wima, ijapokuwa kwa kuukata angalipata uwanja mpana zaidi. Aliuacha ulale kama ulivyolala, akapanda ukoka, na chini yake akapanda mananasi kwa safu zilizokata mteremko. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, na upenu wake ulishuka sana, na kibaraza chake kiliinuka zaidi ya dhiraa moja kutoka ardhini. Watu husema kwamba kibaraza cha nyumba ya Kiswahili ni mahali pa kuketi na kuzungumza, na hilo ni kweli. Lakini kazi yake nyingine, ambayo haisemwi sana, ni kuukinga ukuta wa udongo na maji ya mvua yanayoruka kutoka chini. Nyumba ile ilisimama mpaka ilipobadilishwa kwa tofali za saruji, na ile ya tofali ikajengwa juu ya alama zilezile, mtaro uleule ukiizunguka.

Kibaha ni nchi ya namna nyingine. Ardhi yake ina mawimbi mapana yasiyoonekana kwa jicho la haraka, mchanga ukiwa juu na katika sehemu nyingi mfinyanzi ukiwa chini, na maji ya mvua badala ya kukimbia huzama kwanza, yakatembea chini kwa chini juu ya ule mfinyanzi, yakatokeza mahali ambapo mtu hakuyatazamia. Mji huu ulianza kujulikana sana baada ya mwaka 1963, nchi za Nordiki ziliposhirikiana na Tanganyika kuanzisha pale kituo cha elimu, afya na kilimo, ambacho mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa serikali kikawa Shirika la Elimu Kibaha; na tangu zama hizo makazi yamekuwa yakijipanga kando ya Barabara ya Morogoro, Maili Moja, Tumbi, Picha ya Ndege, na kuendelea hata Mlandizi, kisha yakaingia ndani katika mashamba ya mikorosho yaliyokatwa viwanja kwa ajili ya watu waliozidiwa na bei za Dar es Salaam.

Nilipokinunua kiwanja changu hakikuwa chini ya kitu chochote. Njia iliyokuwa mbele yake ilikuwa njia ya miguu na ya mikokoteni, nayo ilikuwa sawa na kiwanja, pengine chini yake kidogo. Kisha mtaa ukakua, ikapimwa barabara, na barabara ikaletewa kifusi, ikashindiliwa, na miaka ilipopita ikaletewa kifusi kingine juu ya kile cha kwanza. Hapa sina lawama kwa mtu, maana barabara ijengwayo vema sharti iinuliwe juu ya ardhi inayoizunguka. Tabaka zake zikinywa maji hulainika, na gari la kwanza lenye uzito huzivunja. Hata Barabara ya Morogoro yenyewe, ilipopanuliwa kuwa ya njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha kwa urefu wa kilomita 19.2, ilihitaji matuta, makalvati na mitaro ambayo mwanzo wa mji haukuijua. Basi mwenye kiwanja huamka siku moja akakuta hakuhama, wala ardhi yake haikuzama, lakini amekuwa mtu wa bondeni. Hili liwaingie akilini vijana wanaonunua leo pembeni mwa njia za vumbi: kimo cha njia mnachokiona si kimo kitakachobaki.

Ushauri wa kwanza niliopewa, na waliokuja kunipa wengi wao walikuwa na malori, ulikuwa kukijaza kiwanja chote mpaka kilingane na barabara. Ni ushauri unaopendeza kwa kusikia, lakini hesabu yake ni nzito. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kikiinuliwa kwa mita 1 tu hutaka mita za ujazo 600 za kifusi kilichokwisha kushindiliwa, na lori dogo la mita 7 haliwezi kukijaza kwa safari pungufu ya 86. Na kwa kuwa kifusi kinapotoka lorini kina hewa nyingi na hupungua kinaposhindiliwa, safari hukaribia au hupita 100. Fedha hizo humaliza msingi wa nyumba kabla fundi hajashika mwiko. Tena kifusi hakiwi ardhi kwa kumwagwa tu. Hutakiwa kitandazwe tabaka nyembamba, kila tabaka kama inchi 6, kimwagiwe maji ya kiasi, kishindiliwe, ndipo kifuate kingine. Na hata baada ya hayo yote msingi wa kuta haupaswi kukaa juu yake, bali hushuka kupita ndani yake mpaka uikute ardhi ya asili. Nimeziona nyumba zilizowekwa juu ya kifusi kilichomwagwa kwa mkupuo mmoja. Nyufa zake huanza kwenye pembe za madirisha, zikashuka kwa mshazari hadi sakafuni, na hakuna lipu inayozifunga zikafungika.

Aliyenitoa katika ushauri ule alikuwa fundi mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Kisarawe, ambaye hakuja na karatasi wala kalamu bali alikuja na mpira mwangavu mrefu, akaujaza maji, akampa msaidizi wake ncha moja asimame nayo barabarani, na yeye akaenda na ncha ya pili kutoka kona moja ya kiwanja hadi nyingine. Maji yaliyomo ndani ya mpira hukaa kimo kimoja katika ncha zote mbili, hata kama baina yao kuna tuta au shimo, na kwa hiyo kila alipoweka alama alijua kona ile iko chini ya barabara kwa kiasi gani. Kona za mbele zilikuwa chini kwa mita moja na robo. Kona za nyuma zilikuwa chini zaidi kwa karibu nusu mita nyingine, na alipoomba ruhusa kwa jirani akapita na mpira wake, akaona ardhi inaendelea kushuka hadi kwenye bonde dogo. "Bwana," akasema, "hiki si shimo. Shimo ni lile lisilo na pa kutokea. Hiki kinaingiliwa mbele na kina pa kutokea nyuma; usiwalipe watu wa malori."

Katika maneno yote niliyoyasikia juu ya ujenzi, hayo ndiyo ninayoyathamini kupita yote, kwa kuwa yanatenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kiwanja kilicho chini ya barabara lakini ardhi inaendelea kushuka nyuma yake: hicho hakihitaji kulingana na barabara, sakafu ya nyumba hutakiwa iwe juu ya ardhi inayoizunguka kwa kiasi cha kutosha, na maji ya barabarani yapewe njia ya kuizunguka nyumba na kwenda zake. Na kuna kiwanja kilicho chini pande zote, maji yakiingia hayana pa kwenda ila kuzama au kukauka kwa jua. Hicho ama sakafu yake iinuliwe juu ya barabara, kwa gharama yake yote, ama mtu akiache kiwe bustani. Mpira wa maji, ambao fundi yeyote anao, hutenga kile na hiki kwa muda wa asubuhi moja, kabla ya fedha kutoka mkononi. Na nyuma ya kiwanja kama kuna mto au kijito, mnunuzi akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo zake.

Basi tulijenga msingi wa mawe ulioinua sakafu kozi kadhaa juu ya ardhi, tukajaza kifusi ndani ya boma la msingi peke yake, tukakishindilia tabaka kwa tabaka, tukatandika nailoni nzito kabla ya kumwaga jamvi ili unyevu usipande. Upande wa barabara tulijenga ukuta wa kuzuia udongo, na juu ya ukuta huu sina budi kukaa kidogo, kwa kuwa ndio uangukao mara nyingi kuliko kitu kingine katika nyumba za namna hii, nao huanguka usiku wa mvua, watu wakiwa wamelala.

Ukuta wa kuzuia udongo hausukumwi na udongo peke yake. Udongo mkavu hujishika. Mchanga uliolowa hujishika zaidi, kama ajuavyo mtoto anayecheza ufukweni. Lakini udongo ulioshiba maji huacha kujishika, na maji yaliyomo ndani yake husukuma kwa nguvu yao wenyewe. Ukuta wenye kimo cha mita 2, ukiwa umezuia maji nyuma yake mpaka juu, husukumwa na maji peke yake kwa nguvu ya karibu tani 2 katika kila mita moja ya urefu wake, na udongo nao huongeza sehemu yake. Ukuta wa tofali za inchi 6 uliosimamishwa kama ukuta wa chumba hauna uwezo huo, hata ukipigwa lipu pande zote mbili na kupakwa rangi. Tiba si kuuzidishia saruji, bali kuyatoa maji: chini ya ukuta na katikati yake huachwa matundu ya bomba, nyuma ya matundu hayo hupangwa kokoto ili maji yapite na udongo ubaki, na mbele yake huwekwa mtaro wa kuyapokea. Fundi wetu aliujenga kwa mawe, kitako chake kikiwa kipana kupita nusu ya kimo chake, na uso wake ukiegemea kidogo upande wa barabara. Masika ya kwanza matundu yale yalitoa maji siku nyingi baada ya mvua kukoma, na kila nilipoyaona nilifarijika, kwa kuwa kila tone lililotoka lilikuwa limeacha kuusukuma ukuta.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Shimo la maji machafu liwekwe upande wa nyuma ulio chini, wala si mbele, kwa maana likiwa njiani mwa maji ya barabara hujaa kwa mvua na kurudisha uchafu wake chooni. Na mahali penye mfinyanzi karibu, lisichimbwe refu kwenda chini bali liwe jembamba na refu kwa mlazo. Gari liachwe juu, karibu na geti, kwa sababu mteremko mkali wa saruji kutoka barabarani hadi mlangoni ni mfereji uliojengwa kwa gharama. Na kama ni lazima lishuke, ukatwe mtaro wenye wavu wa chuma mbele ya geti. Paa liwekewe gata na tangi. Mvua ya milimita 50, ambayo si ngeni kwa Pwani wakati wa masika, hutoa lita 6,000 katika paa la mita za mraba 120, na ni afadhali lita hizo ziwe ndani ya tangi kuliko kuzunguka msingi. Sisi tuliokulia Kisarawe zamani, tulipokuwa tukishuka mabondeni na ndoo, hatuhitaji kuelezwa thamani ya maji hayo.

Lakini mvua ileile ikinyesha juu ya kipande cha barabara chenye urefu wa mita 300 na upana wa mita 6, na ardhi ikiwa imekwisha kushiba, barabara hiyo hukusanya hadi lita 90,000, na kama haina mtaro, lita hizo hutafuta geti lililo chini kuliko mengine. Hapo ndipo suala la ujenzi linapogeuka kuwa suala la ujirani. Siku ile watu wa malori walipokuja mara ya kwanza, mama mmoja mzee aliyekaa nyuma ya kiwanja changu, upande wa bondeni, alitoka akasimama mpakani. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, ukijaza hapa, maji yatalala wapi?" Hakuwa na ukali. Alikuwa amekaa pale kabla ya sisi wote, na alikuwa amekwisha kumwona mtu mmoja akijaza kiwanja, na wa pili akijaza kwa sababu ya wa kwanza, na alijua kwamba mwisho wa safu ile ni mlango wake.

Siamini kwamba mtu ana haki ya kuinua ardhi yake kwa namna ambayo humtupia maji mtu asiye na fedha za kuinua yake. Dini zetu zimeweka heshima ya jirani mahali pa juu, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inatambua kwamba mtu anaweza kuwa na haki ya kupitisha kitu katika ardhi ya mwenzake kwa makubaliano. Kwa hiyo tulikwenda, mimi na mama yule na jirani wa ubavuni, katika ofisi ya serikali ya mtaa, tukaandikiana mbele ya mwenyekiti kwamba mkondo utapita mpakani, kwamba mimi nitaujenga kwa mawe tangu kwangu hadi bondeni, pamoja na sehemu iliyo katika ardhi ya mama, na kwamba hakuna atakayejenga juu yake wala kuutupia taka, sisi wala watakaorithi. Gharama ya mtaro wote ilikuwa sehemu ndogo ya gharama ya kifusi kile nilichoambiwa ninunue.

Hesabu hii haiishii katika viwanja vitatu. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, ukashuka kupita katikati ya Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Na mvua kubwa za Desemba 2011 zilipoufurisha, watu walipoteza maisha na mali, na wengi wa waliokuwa wakikaa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Kila kiwanja cha vilimani kilichokatwa miti na kusakafiwa, kila mtaa ulioyasukuma maji yake chini upesi ili wenyewe ukauke, umechangia kipimo chake katika mto kama huo. Mtaro wa baba yangu uliopinda, uliogawa maji na kuyapitisha katika ukoka na mananasi, ulikuwa unayachelewesha pia, ingawa yeye hakuwa na habari za bonde la Msimbazi alipouchimba.

Lipo neno moja ambalo wenye viwanja hawawezi kulitimiza peke yao. Mtu anapoomba kibali cha ujenzi huonyesha ramani ya nyumba, vyumba vyake, paa lake na umbali wake kutoka mipakani, naye hujibiwa juu ya hayo. Lakini ningependa halmashauri, Kibaha na Kisarawe na kwingineko ambako mashamba yanageuka mitaa, ziandike katika kibali kile kimo ambacho barabara ya mbele itakuwa nacho itakapokamilika, na mahali kalvati lake litakapotolea maji. Barabara isipopimwa bado, basi ipimwe kabla ya viwanja kugawiwa. Mpimaji anayesimamisha bikoni anacho tayari chombo cha kupimia kimo. Ni suala la kumwagiza aandike namba moja zaidi katika ramani yake, na namba hiyo imfikie mwenye kiwanja wakati bado hajachimba msingi.